Kikombe Kimoja cha Matunda ni Gramu Ngapi? Somo la Ujazo na Uzito kwa Darasa la Tano

Wakati mmoja wa mazoezi ya kufundisha tuliketi nyuma ya Darasa la Tano, katika shule moja ya msingi, tukimwangalia mwalimu mwanafunzi wetu akifundisha vipimo. Andalio la somo lilikuwa safi, ubao umepangwa vizuri, na sauti ya mwalimu ilisikika mpaka ukuta wa nyuma. Aliandika ubaoni kwa herufi kubwa: Kikombe 1 = gramu 250. Kisha akauliza: vikombe 3 vya maembe ni gramu ngapi? Vikombe 5 vya mapapai je? Watoto walizidisha, wakanyoosha mikono, na karibu wote wakapata alama ya vyema.

Ndipo mtoto mmoja wa kike, ambaye mama yake huuza matunda sokoni, aliposimama na kusema: "Samahani, Mwalimu. Ndoo ya ubuyu naibeba peke yangu. Lakini ndoo hiyo hiyo ikiwa ya maji tunasaidiana na dada. Sasa vikombe vyake vitalinganaje?" Darasa likacheka. Mwalimu mwanafunzi akatazama ubao, akatazama andalio lake, akajibu: "Kikombe ni kikombe. Kaa chini." Mtoto akaketi, na hakunyoosha mkono tena mpaka kengele ilipolia.

Baada ya kipindi tulimwita mwalimu mwanafunzi yule chini ya mti ili tumkosoe. Alifungua daftari lake na kutuonyesha mahali alipoipata ile kanuni. Ilikuwa katika maelezo tuliyompa sisi wenyewe chuoni. Kosa, basi, lilikuwa letu kabla ya kuwa lake, na mtoto aliyekalishwa chini ndiye peke yake aliyekuwa amesema kweli darasani siku ile. Makala haya ni jaribio la kulipa deni hilo. Tunakusudia kueleza kwa nini kikombe cha matunda hakiwezi kupewa idadi moja ya gramu, na jinsi mwalimu anavyoweza kuwaongoza wanafunzi waitafute idadi hiyo wenyewe, hata katika shule isiyo na mizani.

KOSA LILITOKA WAPI

Ujazo ni nafasi ambayo kitu hujaza. Uzito, kwa maana ya jikoni na sokoni, ni kile ambacho mizani hutuonyesha. (Katika Sayansi mwalimu atatumia neno tungamo, katika somo hili la vipimo vya nyumbani tutabaki na uzito.) Vipimo hivi viwili havibadilishani vyenyewe kwa vyenyewe. Ili tutoke kimoja tufike kingine, sharti tujue ni kitu gani kilichomo chomboni.

Iko dutu moja ambayo kwayo hesabu ni nyepesi sana, nayo ni maji. Gramu ilipowekwa kisheria nchini Ufaransa mwaka 1795, ilielezwa kuwa ni uzito wa maji yanayojaza sentimita moja ya ujazo, katika joto la barafu inayoyeyuka. Sentimita moja ya ujazo ndiyo mililita moja. Kwa hiyo mililita 250 za maji zina uzito wa gramu 250, na tofauti inayoletwa na joto la kawaida la darasani ni ndogo mno kuonekana katika kazi yetu.

Hapa ndipo kosa lilipozaliwa. Mtu fulani alipima kikombe cha maji, akaandika matokeo yake kwa usahihi, kisha mwingine aliyenakili akaacha maneno mawili: cha maji. Maneno hayo yalipoanguka, kanuni iliyokuwa ya kweli kwa maji ikageuka kuwa kanuni ya uongo kwa kila kitu kingine.

Yafaa pia mwalimu akumbuke kwamba wazee wetu wa pwani walipima nafaka kwa ujazo. Kibaba na pishi ni vyombo vya kujaza, na vibaba 4 hufanya pishi 1. Methali yenyewe yatufundisha kwamba haba na haba hujaza kibaba. Neno lililotumika ni hujaza. Hadi leo sokoni tunanunua kwa kopo, kwa sado, kwa debe na kwa tenga. Hakuna ubaya wowote katika vipimo hivi, ilimradi tusidai kuwa vinatuambia uzito.

MAMBO MANNE YANAYOBADILI UZITO WA KIKOMBE

Majedwali ya vyakula ya Wizara ya Kilimo ya Marekani yanatupa mifano mizuri, kwa kuwa nchini humo mapishi mengi hadi leo huandikwa kwa vikombe. Kikombe chao cha kupimia huchukua karibu mililita 237. Kikijazwa matunda tunayoyafahamu, uzito wake ni kama ifuatavyo:

Ndizi mbivu, vipande vya duara: gramu 150
Ndizi mbivu iliyopondwa: gramu 225
Papai, vipande: gramu 145
Papai lililopondwa: gramu 230
Embe, vipande: gramu 165
Nanasi, vipande: gramu 165
Zabibu kavu zisizoshindiliwa: gramu 145
Zabibu kavu zilizoshindiliwa: gramu 165

Tukiyachunguza majedwali haya tunaona mambo manne.

Kwanza, tunda lenyewe. Tunda bichi lililojaa maji, likipondwa, hukaribia uzito wa maji. Kikombe hicho kikijaa maji kina gramu 237. Kikijaa papai lililopondwa kina gramu 230. Ubuyu ni mkavu na mwepesi, na punje zake huacha nafasi kati yake. Ndiyo maana mtoto wetu aliweza kuubeba peke yake.

Pili, ukataji. Ndizi ni ile ile, kikombe ni kile kile, lakini vipande vina gramu 150 na iliyopondwa ina gramu 225. Tofauti hiyo imeletwa na hewa iliyokaa katikati ya vipande. Kadiri vipande vinavyokuwa vikubwa na visivyolingana, ndivyo hewa inavyozidi na uzito wa kikombe unavyopungua.

Tatu, ushindiliaji. Zabibu kavu zikibanwa kwa mkono huongezeka gramu 20 katika kikombe kimoja. Kadhalika, anayejaza kwa kilima na anayesawazisha kwa kisu hawapati kipimo kimoja. Bibi Fannie Farmer, aliyekuwa mwalimu wa mapishi huko Boston, alipata sifa kwa kitabu chake cha mwaka 1896 kwa sababu alisisitiza kikombe kisawazishwe juu yake. Sharti hilo ni dogo, lakini bila hilo watu wawili hawawezi kupika chakula kimoja.

Nne, kikombe chenyewe. Kikombe cha Marekani ni karibu mililita 237, cha kupimia cha Australia ni mililita 250, na kikombe cha chai cha nyumbani ni kama mfinyanzi au kiwanda kilivyopenda. Mwalimu asiseme kikombe kabla ya kukipima kwa mililita.

ZANA: MIZANI YA FIMBO NA MAJI

Wanachuo wengi hutuambia kwamba somo hili haliwezekani katika shule isiyo na mizani. Jibu letu ni kwamba maji yenyewe ni mawe ya mizani, na hayauzwi dukani. Mwalimu atayarishe vitu vifuatavyo:

(a) Fimbo nyepesi iliyonyooka, au rula ya mita, iliyofungwa uzi katikati ili ining'inie.
(b) Makopo mawili mepesi yanayolingana, kila moja likiwa limetundikwa kwa uzi karibu na ncha ya fimbo. Umbali kutoka katikati uwe sawa kwa pande zote mbili.
(c) Udongo kidogo wa mfinyanzi wa kubandika upande ulio mwepesi, mpaka fimbo ilale sawa makopo yakiwa matupu.
(d) Chupa ya maji ya mililita 500, na bomba jipya la sindano lisilo na sindano, la mililita 10 au 20, kwa kupimia kiasi kidogo.
(e) Kikombe kimoja kitakachotumika kuanzia mwanzo hadi mwisho wa somo.
(f) Matunda ya msimu, kisu, ubao wa kukatia, uma, na maji ya kunawia.

Kupima ni rahisi. Tunda huwekwa katika kopo la kulia. Maji humiminwa katika kopo la kushoto, kwanza kwa wingi na mwishoni kwa bomba, mpaka fimbo ilale sawa. Idadi ya mililita zilizomiminwa ndiyo idadi ya gramu za tunda. Tunasisitiza kwamba mizani isawazishwe ikiwa tupu kabla ya kila kipimo. Tone la maji lililobaki katika kopo huhesabiwa kama tunda.

MWENDO WA SOMO (vipindi viwili vya dakika 40)

Hatua ya kwanza: kukisia. Mwalimu aonyeshe kikombe cha maji na kikombe cha vipande vya ndizi, kisha aulize kipi ni kizito zaidi na kwa kiasi gani. Kila kundi liandike makisio yake ubaoni. Makisio yasifutwe wala yasichekwe, maana mtoto aliyekisia na akaona makisio yake yakipimwa hujifunza zaidi ya yule aliyeambiwa tu.

Hatua ya pili: kupima mara tatu. Kundi moja lijaze kikombe cha vipande vya ndizi, lisawazishe, lipime na kuandika. Halafu limwage, lijaze upya na kupima tena, mpaka mara tatu. Tuseme wamepata gramu 152, 160 na 156. Mwalimu aulize: ipi ndiyo sahihi? Wanafunzi wengi watataka kuchagua moja. Waongozwe watafute wastani: 152 + 160 + 156 = 468; 468 ÷ 3 = 156. Hapa mwanafunzi anaona kwa macho yake kwamba wastani una kazi katika maisha, kwani mkono wa binadamu haujazi kikombe kwa namna moja mara tatu.

Hatua ya tatu: kuponda. Hiki ndicho kiini cha somo. Kikombe kimoja cha vipande vya ndizi kipimwe. Kisha ndizi hiyo hiyo ipondwe kwa uma, bila kuacha chochote katika sahani, na irudishwe kikombeni. Wanafunzi wataona kwamba kikombe hakijai tena. Ndizi imeshuka mpaka karibu theluthi mbili. Tukirejea majedwali, 150 ÷ 225 ni theluthi mbili kamili. Sasa mwalimu aulize, kabla ya kupima: uzito umepungua, umeongezeka, au ni ule ule? Wengi watasema umepungua, kwa kuwa macho yameona kupungua. Mizani itajibu kwamba ni ule ule. Kilichotoka ni hewa. Mwalimu asiharakishe kueleza. Awape watoto muda wa kubishana.

Hatua ya nne: kanuni. Baada ya kupima, na si kabla, kanuni mbili ziandikwe:

Uzito = idadi ya vikombe × gramu za kikombe kimoja cha kitu hicho.
Idadi ya vikombe = uzito ÷ gramu za kikombe kimoja cha kitu hicho.

Maneno "cha kitu hicho" yapigiwe mstari. Mfano: keki ya ndizi inahitaji gramu 300 za ndizi iliyopondwa. 300 ÷ 225 = kikombe 1 na theluthi. Ikiwa tutapima kabla ya kuponda, 300 ÷ 150 = vikombe 2 vya vipande. Majibu ni mawili, ndizi ni moja.

Hatua ya tano: jedwali la darasa. Kila kundi lipewe tunda lake. Matokeo yaandikwe katika karatasi kubwa itakayobaki ukutani, pamoja na jina la tunda, namna lilivyokatwa, ujazo wa kikombe, na tarehe. Shule iliyo Muheza itaanza na machungwa, iliyo Dodoma na zabibu au ubuyu. Jedwali hilo litakuwa mali ya wanafunzi kwa sababu wamelitengeneza wao.

HESABU YA JAMU

Mwalimu anaweza kuulizwa: tofauti ya gramu chache ina madhara gani? Jamu itoe jibu. Kanuni iliyozoeleka ya jamu ni uzito wa sukari ulingane na uzito wa tunda. Sukari ndiyo inayosaidia jamu igande na isiote ukungu upesi. Sasa tuone linalotokea mpishi akibadili kanuni hiyo ya uzito kuwa ya vikombe, akaweka kikombe cha sukari kwa kila kikombe cha tunda. Kikombe cha sukari, kwa kikombe kile kile cha mililita 237, kina karibu gramu 200.

Embe la vipande: vikombe 4 × 165 = gramu 660. Sukari: vikombe 4 × 200 = gramu 800. Sukari imezidi kwa gramu 140.

Papai lililopondwa: vikombe 4 × 230 = gramu 920. Sukari ni gramu 800 zile zile. Sukari imepungua kwa gramu 120.

Kanuni moja ya vikombe imekosea pande mbili zinazopingana. Jamu ya embe itakuwa tamu kupita kiasi, na sukari iliyonunuliwa kwa fedha za shule itakuwa imepotea. Jamu ya papai itakuwa laini na haitadumu. Mpishi atalaumu moto, au papai, au sufuria, kumbe aliyekosea ni hesabu. Ili kupata usawa, embe lilihitaji 660 ÷ 200 = vikombe 3.3 vya sukari, na papai lilihitaji 920 ÷ 200 = vikombe 4.6. Tunapendekeza mfano huu ufanywe ubaoni hata pale ambapo jamu yenyewe haitapikwa.

MAKOSA YA KUEPUKA

Mwalimu asiwakaririshe wanafunzi jedwali. Gramu 165 za embe ni mfano. Embe la kijijini, kisu cha kijijini na kikombe cha kijijini vitatoa idadi yake. Anayeijua njia ya kupima hahitaji kukariri.

Asichanganye tunda zima na nyama yake. Kilo moja ya maembe ya sokoni ina maganda na kokwa. Mapishi yanaposema gramu 500 za embe la vipande, maana yake ni baada ya kumenya. Ni zoezi jema kupima tunda kabla na baada ya kumenya, kisha kutafuta asilimia iliyotupwa.

Asibadili kikombe katikati ya kazi. Ikiwa idadi ilipatikana kwa kikombe kingine, ibadilishwe kwa uwiano. Gramu 150 kwa mililita 237 ni 150 × 250 ÷ 237, yaani karibu gramu 158 kwa kikombe cha mililita 250.

Asidai usahihi ambao chombo hakina. Mizani ya fimbo haiwezi kutofautisha gramu 156 na gramu 156.33. Jibu la gramu kamili latosha.

Mwisho, visu vishikwe na mwalimu au na wanafunzi wakubwa chini ya uangalizi wake, mikono inawiwe, na matunda yaliyopimwa yaliwe. Mtoto asirudi nyumbani na njaa baada ya kupima chakula.

MAZOEZI KWA MWANACHUO

1. Mapishi yanataka gramu 330 za embe la vipande. Ni vikombe vingapi?
2. Vikombe 2 vya zabibu kavu vikishindiliwa huzidi kwa gramu ngapi vikombe 2 visivyoshindiliwa?
3. Vikombe 3 vya vipande vya papai vikipondwa vitakuwa vikombe vingapi?

Majibu: (1) vikombe 2; (2) gramu 40; (3) 3 × 145 = gramu 435; 435 ÷ 230 ni karibu 1.9, yaani vikombe 2 kasoro kidogo.

Juma lililofuata mwalimu mwanafunzi yule alirudi katika darasa lile lile akiwa na fimbo, makopo mawili, kikombe cha ubuyu na chupa ya maji. Alimwita mbele mtoto aliyemkalisha chini, akampa uzi aushike mbele ya wenzake. Ubuyu uliwekwa kulia, kikombe cha maji kikamiminwa kushoto, na upande wa maji ukashuka. Hakuna aliyecheka. Mwalimu akawaambia wanafunzi: "Nilikosea. Fungueni madaftari ya juma lililopita." Kisha akawataka waongeze maneno mawili katika kanuni ile ya zamani, wasomeke hivi: Kikombe 1 cha maji = gramu 250. Nasi, tulipokuwa tukiketi nyuma, tukayaongeza katika maelezo yetu ya chuo.